Gia za Siku ya Shida

Ninyi mliokulia Bwera miaka yetu mtanielewa. Baiskeli zote zilikuwa nyeusi, nzito, zenye breki za vyuma, na mwendo wake ulikuwa mmoja tu, huohuo wa sokoni na wa kanisani. Halafu baba yetu akavuka mpaka wa Kongo siku moja, akarudi na baiskeli ya gia. Tena nyekundu! Watu waliacha kupukuchua mahindi wakaja kuitazama. Waliinama kuhesabu meno ya nyuma, wakagusa zile nyaya mbili zinazotoka kwenye vijiti vya gia pale kwenye usukani na kupita ndani ya mipira yake myeusi, mmoja wa gia za mbele, mwingine wa gia za nyuma. Baba alisimama pembeni, mikono mgongoni, utadhani kaiunda yeye.

Jioni ile, tukila bundu, ugali wetu wa muhogo, kwa sombe ya majani yake, akatoa sheria.

"Gia si ya kuchezea. Inaisha. Hizi ninazitunza kwa siku ya shida."

Akaiacha kwenye gia aliyoikuta nayo, ile ngumu kuliko zote, na humo ikakaa. Kilimani alikuwa akihema, jasho linamtoka, wenye miguu yao wanampita na kumsalimia, lakini gia zake zilikuwa salama kabisa.

Fundi wetu alikuwa mzee kutoka upande wa Kongo, mwenye kibanda karibu na soko. Alijaribu kumweleza. "Papa, ukiona gia inachelewa kuingia, kijiti kinakuwa nguvu kusukuma, nyuzi za waya zinaachana, ama mupira imepasuka maji inaingia, usingoje ikatike. Badilisha waya na mupira yake pamoja. Waya mupya mu mupira ya zamani ni kazi bure. Na waya haiko feza ya kuficha. Ikikaa bila kutembea, inashika kutu."

Baba alimshukuru vizuri sana. Tulipofika njiani akaniambia, "Yule anatafuta kazi tu."

Sasa niseme ukweli ambao umenikaa rohoni tangu utoto. Dada yangu Masika, msichana wa kwanza nyumbani kwetu, wa kwanza pia darasani, aliyesoma somo kanisani kila Jumapili kwa sauti ya kuwaliza wazee, ndiye aliyekuwa kiongozi wa maovu. Tulipotumwa maji na ile baiskeli, tukishapita kona ambapo mibuni inaficha nyumba, alichukua kipande cha mkaa akachora alama pale kijiti cha gia za nyuma kilipokaa. Kisha akaniambia, "Biira, panda!" Tak, tak, tak! Tulibadilisha gia tukipanda, tukishuka, hata tukiwa tumesimama, ili tuusikilize tu ule mlio. Kijiti cha gia za mbele kilitushinda, vidole vyetu vilikuwa vidogo. Wakati wa kurudi Masika alirudisha kila kitu kwenye alama, akaifuta kwa sketi, akaingia nyumbani na uso wa malaika. Watoto wa siku hizi hawana hata bidii ya kukosa adabu. Wanakosa adabu wakiwa wamekaa, simu mkononi.

Masika akapata nafasi chuo cha ualimu. Barua ilisema asiporipoti siku iliyoandikwa, nafasi inapewa mwingine. Na baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa ameshatangaza kwamba akikosa chuo, kuna bwana mwenye mbuzi kumi na mbili anayesubiri jibu. Masika alikuwa amemwona huyo bwana. Hakula siku mbili.

Siku ya kuripoti, basi la kumpeleka lilikuwa linapita njia panda ya Kikorongo saa sita mchana. Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha, na lori tulilolitegemea likakwama matopeni. Baba akaitoa baiskeli. "Siku ya shida ndiyo hii," alisema, na Mungu anisamehe, alionekana mwenye furaha. Masika akakaa nyuma amekumbatia sanduku. Mimi nikapakiwa kwenye bomba la mbele kushika godoro, baba akichungulia njia pembeni yake.

Tukafika kwenye kilima kirefu. Mwendo ukapungua, ukapungua, usukani ukaanza kuyumba.

"Baba, tushuke tusukume," Masika akasema.

"Tukisukuma basi linatuacha. Kaeni!"

Akaweka kidole gumba kwenye kijiti cha gia za mbele, kwa heshima kabisa. Akasukuma. Kimya. Akasukuma kwa nguvu zake zote, ka! Waya ukakatika, uzi wake ukamchoma kidole. Nyuma yangu nikasikia Masika ameanza "Baba yetu uliye mbinguni". Ndipo nikaona, karibu na pua yangu, alama ya mkaa ya jana. Tulisahau kuifuta! Nikaifunika kwa kiwiko. Baba akashika kijiti cha pili, na tak, tak, tak, cheni ikapanda kwenye meno makubwa bila ubishi wowote. Tukaanza kupanda.

"Mnaona?" alipiga kelele. "Mnaona kitu kikitunzwa?"

"Ndiyo, baba!" tuliitika kwa pamoja.

Basi tulilikuta linaunguruma. Masika akapanda. Mbuzi kumi na mbili wakabaki kwao.

Baadaye fundi alizichomoa nyaya zote mbili. Wa mbele ulitoka na unga wa kutu, wa nyuma ulikuwa unang'aa. "Papa, hii inatembea kila siku," alisema. Baba akajibu, "Hiyo ndiyo niliyoitunza zaidi." Fundi akanitazama. Mimi nikatazama barabara. Akaweka nyaya mpya na mipira mipya, na baba akaanza kuzitunza upya.

Masika alifundisha mpaka akastaafu. Tulipomzika baba, alisimama akasema, "Baba alitufundisha kutunza vitu, ndiyo maana mimi nimekuwa mwalimu." Kanisa zima likaitikia amina. Mimi nilikuwa nimeuma kitenge nisicheke. Akarudi kukaa kando yangu, akaninong'oneza, "Biira, tungemwambia."

"Angetuchapa."

"Eeh," akasema, "angetuchapa." Ndipo akalia, siku ile yote hakuwa amelia.

Siku hizi ninaishi Mubuku, nina baiskeli yangu ya gia ya kwendea shambani. Vijana wananipita wamevaa nguo za kubana, mipira ya nyaya zao imefanana rangi na viatu, na kilima kidogo tu wanakipiga picha. Mimi gia ikianza kuchelewa, ninabadilisha waya na mpira wake siku hiyohiyo. Ninabadilisha gia nikitaka, mchana kweupe, mbele ya watu wote. Hakuna wa kunikataza. Na kusema kweli, haina utamu.