Boma la miiba la miforosadi yangu

Jamani, miforosadi yangu imeisha. Yote kumi na mmoja. Na nimesema asante.

Mnakumbuka zile mbegu za forosadi nyeupe nilizoletewa na rafiki yangu wa Kakuma? Ndogo kama mchanga. Nilizipanda kwenye mikebe, nikazinyunyizia maji kwa vidole miezi minne, hapa Kanamkemer ambapo jua halihurumii mtu.

Juzi nikahamishia miche bustanini. Mbuzi wa jirani wasiiguse, nikaizungushia miiba. Imara, si mchezo.

Leo natoka kazini, namkuta mamamkwe. Amefika kutoka Nakalale na zawadi ya mjukuu wake: watoto wawili wa mbuzi.

"Asante mama! Na wako wapi?"

"Nimewaweka ndani ya boma lao," akasema, akionyesha bustani. "Nimeona umezungusha miiba, nikajua ulikuwa unawangoja."

Sasa ningemlaumu vipi? Kwetu nani huzungushia mti miiba? Boma dogo la miiba ni la watoto wa mbuzi. Hata mimi nimelelewa hivyo!

Nikachungulia. Vimebaki vijiti tu. Mbuzi mmoja akanitazama huku anatafuna.

"Hata chakula laini umewapandia," mama akanishika mkono, machozi yakimlengalenga. "Wewe ni mtoto wangu kabisa."

Nyinyi mngesema nini? Semeni ukweli.

Saa hii anakunywa chai. Ameniuliza kama kuna mbegu zimebaki, akawapandie mbuzi wa Nakalale.