Tulivyokwenda Moshi Kuomba Ruhusa ya Banio

Tulikwenda Moshi kwa sababu migomba yetu ilikuwa inakufa. Mvua za masika zilikuwa zimebomoa banio la mfongo, yaani pale korongoni mfereji wetu unapochukulia maji, na wanaume wenye nguvu ya kulijenga walikuwa Dar na Arusha wakiuza mitumba. Wanawake tulikuwepo, na majembe yalikuwepo. Lakini kwa mila yetu mwanamke hafiki banioni. Akifika, maji hukasirika. Miaka hiyo kila kitu kilikuwa ruksa isipokuwa hicho. Basi kikundi chetu kikanituma mimi na Mama Aikande kwenye mkutano mkuu wa mkoa wa akina mama wa vijijini, tukamwombe mgeni rasmi barua ya kuturuhusu.

Saa kumi na moja alfajiri tuliondoka Marangu, tumeketi juu ya mikungu ya ndizi kwenye pikapu ya mchuuzi. Kabla ya kufika lami gari likakwama. Mama Aikande, aliyevaa viatu vyake vya kanisani, hakushuka.

"Mjumbe hasukumi gari," alisema.

Nami nilikuwa mjumbe, lakini nilisukuma. Tulifika Himo nikiwa na tope hadi magotini.

Saa tatu tulikuwa ukumbini Moshi. Tuligawiwa vitenge vya sare na kufundishwa wimbo wa kumwambia mwanamke aamke. Nilitazama safu zote, sikumwona aliyelala kupita saa kumi usiku. Mgeni rasmi aliingia saa saba mchana, tukamwimbia, naye akatuhutubia kwa saa nzima juu ya faida ya kukamua ng'ombe kwa wakati. Muda huo ng'ombe wangu alikuwa akilia zizini, kwa kuwa mimi nilikuwa nikimsikiliza yeye.

Ulipofika wakati wa majadiliano, mshereheshaji, dada mmoja mwenye sauti ya redio, alitushukuru kwa michango yetu mizuri. Nikanyoosha mkono.

"Samahani dada, mimi sijachangia."

"Tumekuelewa mama, ila maazimio yameshachapwa."

Kweli yalikuwa yamechapwa, tena kwa karatasi nzuri. Azimio la nne lilitaka mwanamke ashirikishwe katika ngazi zote. Mama Aikande alilisoma mara mbili, akaninong'oneza, "Sasa banio ni ngazi ya ngapi?" Nilipogeuka kumtafuta mgeni rasmi, gari lake lilikuwa limeshaondoka.

Jioni tulishuka njia panda ya kwetu. Wenzetu walikuwa wakitungoja.

"Barua iko wapi?"

"Tumeleta vitenge," nilisema.

Kesho yake asubuhi, kwa kuwa hatukuwa na kingine cha kupoteza, tulikwenda kwa Mzee Eliapenda, msimamizi wa mfongo, kumwomba tukiwa mikono mitupu. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza Moshi tulifuata nini. Nikamweleza yote, mpaka habari ya ng'ombe.

"Mila inanikataza kumwita mwanamke banioni," alisema. "Lakini hainiambii nimfukuze anayekuja kuniomba. Tangu masika nawangoja."

"Na maji yakikasirika, mzee?"

"Yameshakasirika, mama. Si unaona hayapo?"

Nilijionea aibu. Kutoka zizini kwangu hadi kwake ni mwendo wa kumaliza kutafuna kipande cha muwa, na miezi yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumuuliza. Tulijua atakataa. Nilichojifunza katika safari hiyo ni hicho tu, na sikukijifunza Moshi.

Tulipanda naye korongoni, kumi na wawili na majembe yetu. Alipofika karibu na banio alisimama, akatupa mgongo, akaegemea mkongojo na kuutazama mlima.

"Mimi sijaona mwanamke hapa," alisema.

Tulifanya kazi hadi saa nane, na muda wote huo Mzee Eliapenda hakugeuka hata mara moja, akituelekeza kila jiwe likae wapi.