Mbuzi wa Udongo wa Afungi

Mwaka ule watu wa kampuni ya gesi walipoanza kupima ardhi Afungi, kaskazini mwa Msumbiji, mimi na mama tulikuwa bado tunalima muhogo kule. Asubuhi moja jembe la mama liligonga kitu kigumu. Akainama akidhani ni jiwe, akainuka na mbuzi wa udongo, mdogo kama kidole gumba.

Alimsugua kwa upindo wa nguo. Shingoni palikuwa na mfuo mwembamba, mahali pa kamba.

"Alikuwa mtundu huyu," mama akasema. "Ndiyo maana wakamfunga."

Tukachimbua kwa mikono. Akatoka kuku, kisha ng'ombe mwenye nundu. Kwa ng'ombe mama alishangaa. Kwetu hakuna anayefuga ng'ombe, mbung'o wanawamaliza. Ubavuni palibaki alama ya kidole cha aliyemfinyanga. Mama akajaribu kuweka chake, hakikuenea.

"Aliyemfinyanga alikuwa mtoto," akasema.

Baada ya siku chache akaja dada mmoja mtafiti wa mambo ya kale kutoka Maputo, pamoja na watu waliokuwa wakikagua ardhi kabla ya mashine za ujenzi kuingia. Alikuwa na adabu, alivua viatu kabla ya kukanyaga mkeka wetu. Hakujua Kiswahili, nami nilikuwa na Kireno cha shule, nikawa mkalimani. Alisema vile vitu ni vya kale mno. Watu waliishi palepale, wakapika, wakafuga.

Uso wa mama ukachangamka. "Mwambie basi, kama watu wameishi hapa tangu enzi hizo, mashine hazitapita. Si ndiyo?"

Nikatafsiri. Yule dada akatazama chini. Alisema kazi yao ni kuvitoa vitu kama vile ardhini, na vikishatoka, ujenzi unaendelea.

"Anasemaje?"

Nikamwambia.

"Umesikia vibaya. Muulize tena."

Nikamuuliza. Jibu likawa lilelile, ila kwa sauti ya chini zaidi.

Yule dada akavifunga kwa pamba, kimoja kimoja, akasema vitatunzwa Maputo. Mama hakukataa. Angekataa vipi? Alimkabidhi yule mbuzi kwa mikono miwili, kama mtu anayempokeza mwenziwe mtoto mchanga.

Mvua zilizofuata hatukupanda. Tulihamishiwa nyumba ya saruji, mbali na shamba, na uzio ukawekwa. Siku moja mama akataka kurudi kuchimba muhogo uliobaki. Getini tulimkuta mlinzi, kijana wa kijiji cha Mute. Akamwamkia mama, akamvutia kiti.

"Mama, muhogo haupo. Wameshasawazisha."

"Wote?"

"Wote, mama."

Mama akakaa. Nilisimama pembeni na kapu tupu. Mlinzi akamletea maji. Mama akanywa, akashukuru, akanyanyuka kuelekea kijia chetu cha zamani. Ilibidi nimshike mkono. Kijia kilikuwa ndani ya uzio.