Mafuta Kwenye Geji

Mashine yetu ya kukatia vyuma ilifika Sumbawanga ikiwa imeshazeekea kwa watu wengine. Ilikuwa kama kigari kidogo kinachotembea juu ya reli mbili, kimebeba bomba la moto mkali, na moto huo ulipita kwenye bamba la chuma ukiacha mstari mwembamba, safi. Moto wenyewe ulitokana na mitungi miwili, mmoja wa gesi na mmoja wa oksijeni. Kazi yetu ilikuwa kukata ndimi za plau, kile chuma kinachochana udongo nyuma ya ng'ombe, kwa ajili ya vijiji vya ujamaa vya huku kwetu, Chala, Kate na kwingineko. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wake, mwanamke peke yangu katika karakana nzima, na niseme bila haya: hapakuwa na mtu mkoani aliyeijua kama mimi.

Ilikuwa na magonjwa yake. Jino moja la gia lilikuwa limevunjika, kwa hiyo kigari kilikwama kidogo kila baada ya hatua kadhaa na kuacha kovu kwenye chuma. Nikalijaza jino lile kwa shaba, nikalichonga kwa tupa siku mbili, kovu likatoweka. Mkanda ulipokatika nikashona mwingine kwa ngozi ya ng'ombe, maana vipuri vya ng'ambo tulishaacha hata kuviota. Moto ukipiga mluzi nilijua tundu la bomba limeziba; ukinguruma, oksijeni imezidi. Watu walisema najisifu. Nilikuwa najisifu kweli, lakini mashine ilikuwa inakata.

Msaidizi wangu alikuwa mzee wa umri wa baba yangu, mhunzi aliyezaliwa na wahunzi, ambaye babu zake waliyeyusha chuma kwenye matanuru marefu ya udongo. Karakana ilimpa kazi ya kufagia na kupaka mafuta. Siku ya kwanza nilimwambia, "Mzee, chuma chochote kinachozunguka au kinachokaza, kipe mafuta." Akacheka. Kwao hata jembe la mkono halikuwekwa darini baada ya msimu bila kupakwa mafuta ya mbarika. Jambo ambalo sikumwambia ni kwamba oksijeni ya mtungini haitaki mafuta hata tone, kwa sababu vikikutana vinaweza kulipuka bila kiberiti. Sikumwambia kwa kuwa upande wa mitungi niliugusa mimi tu, na nilipenda iwe hivyo.

Basi ikaja habari kwamba mkubwa mmoja wa serikali anakuja kuikagua mashine. Ikikata mbele yake, inabaki. Isipokata, inapakiwa siku hiyo hiyo kwenda Mbeya, na mvua za kulimia zilikuwa zimebakiza wiki chache. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilihangaika na geji ya oksijeni, ile saa inayoonyesha nguvu ya hewa inayotoka. Kishikio chake kilikuwa kimekaza. "Geji hii kesho itaniaibisha," nikalalamika kwa sauti. Mzee alikuwa anafagia karibu yangu.

Asubuhi mgeni akaja na lori alilokodi kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, na nyuma yake walikaa wapakizi wawili na kamba zao. Kamba zile ziliniudhi kuliko mgeni mwenyewe. Nikavaa ovaroli, nikaenda moja kwa moja kwenye geji, nikashika kishikio. Kikazunguka kwa kidole kimoja. Nilifurahi kwa muda wa kupumua mara moja tu, kisha nikatazama kidole changu. Kilikuwa kinang'aa. Mtungi ulikuwa bado haujafunguliwa, hata hivyo nikarudi nyuma hatua mbili.

"Nani mjinga aliyepaka mafuta hapa?" nikafoka.

Mzee alikuwa amesimama kando, amevaa koti lake la kanisani kwa ajili ya wageni. "Ni mimi, mwanangu," akasema. "Niliwahi alfajiri. Nilitaka isikuaibishe."

"Ndugu fundi, vipi?" mgeni akauliza. "Washa tuone."

"Haiwashwi, ndugu."

"Imeharibika?"

"Imepakwa mafuta. Nikifungua mtungi huu tutazikwa sote pamoja na kamba zako."

Wapakizi wakacheka. Mgeni hakucheka. Akatazama saa yake, akasema ananipa mpaka saa nane mchana, baada ya hapo anapakia.

Nikamgeukia mzee nikamuuliza alipaka wapi pengine. "Hapo tu," akajibu upesi, macho chini. Nikajua sijapata jibu. Nilikuwa nimemwita mjinga mbele ya wageni, na mtu aliyeitwa mjinga hakutajii makosa yake mengine. Mimi mwenyewe nisingeyataja. Lakini kama kulikuwa na mahali pengine, mimi ndiye nitakayekuwa nimeinamia moto.

Nikachuchumaa palepale na ovaroli langu, nikapiga makofi ya taratibu kama tunavyowaamkia wakubwa kwetu Ufipa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Kosa ni langu. Nilikuambia upake kila kinachokaza, nikakuficha hatari yake. Wewe umefanya nilichosema. Sasa nisaidie, la sivyo nitakufa leo."

Mgeni alinitazama fundi mzima nimechuchumaa mbele ya mfagiaji. Niliona aibu, uso ukanichoma, ila hofu ilikuwa kubwa zaidi. Mzee akanishika mkono, akaninyanyua. Akaonyesha geji. Akaonyesha mdomo wa mtungi. Kisha akaenda kwenye kigari, akauchomoa mpira wa oksijeni pale unapoingia kwenye bomba.

"Na humu ndani," akasema. "Ulikuwa mgumu kuingia, nikaulainisha."

Humo nisingetazama kamwe.

Tukanawa mikono kwa sabuni, tukaanza kazi wawili. Mtungi ule tukautoa nje na geji yake, nikaleta wa akiba, ambao ulikuwa wa mwisho. Mpira nikautupa, nikachukua ule wa kuchomelea kwa mkono. Bomba nikaliosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara tatu, tukalianika juani. Geji ya akiba ilikuwa kuukuu, kioo kimepasuka na mshale umekufa, haionyeshi kitu. Mgeni akauliza nitapimaje. Nikamwambia nitasikiliza.

Nikasikiliza. Nikawasha, nikafungua kidogo kidogo; mluzi haukusikika, ngurumo ikaja, nikapunguza mpaka moto ukatulia. Kigari kikaondoka. Ulimi wa plau ukaanguka sakafuni, safi, bila kovu. Ilikuwa haijafika saa nane. Ulipopoa, mgeni akaupitishia kidole gumba ukingoni, akawageukia wapakizi. "Kunjeni kamba," akasema.

Tangu siku ile sikugusa mitungi peke yangu tena. Nilimfundisha mzee yote niliyoyajua juu ya oksijeni, naye akajiweka mlinzi mlangoni. Kiangazi upepo wa Ufipa unapasua mikono, kila mtu anajipaka mafuta, na yeye alikagua viganja kimoja kimoja. Anayeng'aa alirudishwa.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba nilichelewa, nikataka kumpita haraka. Akanishika mkono, akakigeuza kiganja changu kwenye mwanga.

"Mwanangu, rudi ukanawe."

"Mzee, mimi ndiye fundi."

"Najua. Ndiye utakayewasha."

Nikaenda kwenye bomba la maji. Maji yalikuwa ya baridi kali, nikanawa mara mbili.