Arobaini ya Injini ya Litapunga

Enzi zetu, pale Litapunga, injini iliwekwa ndani ikae siku arobaini kama mzazi. Wenzangu mliosoma kwa jembe begani na kifagio mkononi hamtashangaa sana. Watoto wetu ndio watacheka, maana wao injini wanainunua asubuhi, inafungwa mchana, na jioni wameshaiunguza wakishindana na basi kwenye njia ya Sumbawanga. Waache wacheke. Nitasimulia yote, pamoja na sehemu ile ambayo watu wa rika letu tunairuka tunapojisifu kwamba wazee wetu walijua kila kitu.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori la kijiji. Ilikuwa miaka ya sabini, tumeshakusanywa kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari, na lori lilikuwa moja tu. Lilibeba mahindi na karanga zetu hadi stesheni ya Mpanda, na likirudi lilileta chumvi, sabuni na habari. Kwa hiyo mtoto wa dereva hakuwa mtoto wa kawaida. Mimi Tekla nilitembea shuleni kama vile lile lori nimelizaa mwenyewe. Nilichagua nani apande nyuma siku ya kwenda Mpanda na nani abaki akila vumbi, na wasichana wakubwa kuliko mimi walinibebea ndoo ya maji. Nikiwaambia wajukuu wangu kwamba sisi tulilelewa kwa unyenyekevu, najua ninavyodanganya.

Kisha injini ikafa. Ilifia njiani, Baba akiwa kwenye usukani, na kijiji kikagawanyika. Wengine walisema imekufa kwa uzee, wengine walisema dereva kaiua. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mfupi mwenye sauti ya kuazima kwa mtu mrefu, alisimama mkutanoni akasema itaombwa injini nyingine. Nayo ikifa kabla mazao hayajafika stesheni, lori litapewa kijiji kingine na Baba Tekla atarudi kushika jembe. Usiku ule mama alipika kunde zikalala chunguni, kwa sababu wote tulijua jembe la Baba lilivyokuwa na kutu.

Injini ikaja kwa treni hadi Mpanda. Haikuwa mpya; ilikuwa kuukuu iliyofumuliwa yote kiwandani, ikawekwa pistoni na ringi mpya, ikapakwa rangi ya kijani ikang'aa kama jani la mgomba baada ya mvua. Kutoka stesheni ililetwa kwa mkokoteni wa ng'ombe wa jirani yetu Msukuma, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amehamia na mifugo yake. Alitembea kando ya ng'ombe wake taratibu, amenyoosha shingo, na kila aliyekutana naye alimwambia kwamba siku hizi ng'ombe ndio wanaobeba malori. Baba alilisikia neno hilo mara saba kabla ya saa sita mchana.

Fundi alikuwa Kalisti wa Kawajense, mzee aliyejifunza ufundi ujanani kwenye machimbo ya madini ya risasi. Hakuwa na mashine ya kunyanyulia. Alisimamisha magogo matatu, akayafunga vichwa kwa mnyororo, akatundika puli, na wanaume kumi wakavuta injini ya zamani ikatoka, kisha ya kijani ikaingia. Alifanya kazi siku mbili bila kupandisha sauti. Leo fundi anafungua boneti simu ikiwa sikioni, anazungumza na mchumba, na nati anaifunga kwa mkono uliobaki. Kalisti alimaliza, akaliwasha lori, akalisikiliza kwa muda mrefu, kisha akamwambia Baba, "Hii bado inazoeana na vyuma vyake. Usiikimbize, usizidi maili thelathini. Lakini usiiache iungurume bure. Ipe mzigo nusu, itembee, ubadilishe mwendo. Maili mia tano zikiisha, mwaga oili, weka nyingine." Akala ugali kwa mlenda, akapanda baiskeli yake, akaenda zake.

Vumbi lake halijatua, mwenyekiti akafika na vijana na magunia. Alitaka lori lipakiwe lote siku ileile, hadi juu ya kichwa cha dereva. Baba alimjua yule mtu. Ungemwambia nusu, angepakia yote halafu aseme hiyo ndiyo nusu. Kwa hiyo Baba akapanda kwenye ngazi ya lori, na mbele ya kijiji kizima akasema maneno ambayo hakuwa ameyapanga.

"Jamani, huyu ni mzazi. Ndio kwanza ametoka kujifungua. Nyie mzazi mnambebesha gunia?"

Bibi Kristina, mkunga aliyetupokea karibu watoto wote wa pale, akasogea akaweka kiganja kwenye boneti. Akakiacha hapo kidogo, akatingisha kichwa. "Kweli ana joto," alisema. "Basi arobaini. Hatoki, habebi, na moto lazima aote."

Mwenyekiti angeweza kubishana na Baba, na kwa hakika hata na mkuu wa wilaya, lakini Bibi Kristina alikuwa amemzalisha mkewe mara sita. Magunia yakarudi ghalani.

Hapo ndipo mapenzi yalipoanza. Wanawake walifagia chini ya lori kila asubuhi. Wanaume wakalijengea kibanda, si cha makuti maana minazi hatukuwa nayo, bali cha majani ya mgomba na nyasi, ili upepo usilipige. Mtu akaleta kitenge cha kufunika boneti. Na kwa kuwa mzazi lazima aote moto, Baba aliliwasha kila alfajiri na kila jioni, likaunguruma palepale kibandani kama saa nzima, bila kwenda popote. Harufu ya dizeli ikachanganyika na harufu ya uji wa mtama. Uji wenyewe uliletwa na asali ya msituni, kwa ajili ya mzazi, na kwa kuwa mzazi hakuwa na mdomo, Baba aliunywa kwa niaba yake. Ndani ya wiki tatu alikuwa amenenepa mashavu. Hajawahi kuwa baba mzuri kama mwezi ule. Alicheka hata mimi nikivunja chungu.

Sisi watoto hatukubaki nyuma. Magari yetu ya waya, yaliyozoea kukimbizwa njia nzima hadi mtoni, tuliyaweka ndani arobaini. Tuliyajengea vibanda, tukayafunika vitambaa, na aliyethubutu kulisukuma la kwake alitengwa kama muuaji. Watoto wa leo gari lao liko kwenye kioo cha simu. Linagonga ukuta, linalipuka, halafu linaanza upya bila mtu kupata hata mkwaruzo. Si ajabu wakikua wanadhani na la kweli liko hivyo.

Sasa nifike pale tunaporuka. Injini ile ilikuja na karatasi ngumu iliyofungwa kwa waya, imeandikwa Kiingereza. Baba aliweza kusoma Kiswahili kwa shida, na Kiingereza hakukijua hata kidogo. Nilikuwa darasa la saba, na jioni moja akaniita chini ya kibanda, akanipa niisome. Nilisoma, nikaenda kumwuliza mwalimu maneno mawili yaliyonishinda, nikarudi. Karatasi ilisema yaleyale ya Kalisti. Mwendo mdogo, mzigo wa wastani, na mstari mmoja umekolezwa wino: injini isiachwe ikiunguruma kwa muda mrefu gari likiwa limesimama.

Nilimsomea mara mbili. Baba alikuwa ameshika bakuli la uji. Akalitazama, akanitazama mimi, akatazama nje ambako Bibi Kristina alikuwa akinyunyiza maji ili vumbi lisimfikie mzazi.

"Hiyo karatasi imeandikwa na watu wasioijua Litapunga," alisema. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akamalizia uji.

Nami nilinyamaza. Sikunyamaza kwa adabu, kama tunavyopenda kuwaambia watoto wetu kwamba sisi tuliheshimu wakubwa. Nilinyamaza kwa sababu siku zile nilikuwa nabebewa ndoo na watu wawili.

Siku ya thelathini lori likaanza kutoa moshi wa bluu. Kwanza ulikuwa mwembamba, mtu angeweza kusema ni ukungu. Jioni ukawa mzito, ukajaza kibanda, na Baba alipovuta kijiti cha kupimia oili, kilitoka karibu kikavu. Injini ilikuwa inakunywa oili. Akatumwa mtu kwa baiskeli kumwita Kalisti, na mwenyekiti, ambaye hakuwa amecheka tangu siku ya magunia, akaitisha mkutano wa kijiji kesho yake asubuhi. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Mpimbwe. Barabara ikishika tope, mazao yangeoza ghalani, na kila mtu aliijua hesabu hiyo bila kuandikiwa ubaoni.

Mkutano ulianza kwa mwenyekiti kutaka kujua nani ameua injini. Akajibu mwenyewe. "Tuseme ukweli. Fundi Kalisti amezeeka, macho yake hayaoni. Amefunga ringi vibaya. Hakuna wa kulaumiwa hapa kijijini."

Watu wakaitikia, maana jibu lilikuwa tamu. Kalisti hakuwa wa kijiji chetu na alikuwa hajafika. Baba angebaki na usukani wake, Bibi Kristina na heshima yake, mwenyekiti na uenyekiti wake, na mimi na ndoo zangu. Baba alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu. Nilimwona anakaa kimya, na moyo wangu, nasema bila aibu sasa, ulifurahi.

Kisha Kalisti akatokea, amelowa jasho, anasukuma baiskeli iliyopata pancha njiani. Hakuna aliyemwamkia. Baba akainuka. Akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa imelainika kwa jasho la mwezi mzima.

"Tekla, njoo usome," alisema. "Soma kama ulivyonisomea."

Nilisoma mbele ya kijiji kizima, kwa Kiswahili, na nilipofika kwenye ule mstari nikainua macho kumtazama. Baba akaumalizia kwa kichwa, alikuwa ameukariri. Akasema, "Fundi aliniambia hivi. Karatasi iliniambia hivi. Mtoto wangu aliniambia. Habari ya mzazi niliitunga mimi, nikaona haya kuirudisha. Kalisti hana kosa. Kama ni jembe, nipeni jembe."

Nimehudhuria mikutano mingi tangu hapo, ya vijiji, ya shule na ya kata. Sijasikia tena mtu mzima akisema maneno hayo kabla hajabanwa.

Kalisti alienda kibandani, akasikiliza injini, akapitisha kidole kwenye bomba la moshi, akanusa. "Haijafa," alisema. "Mmeidekeza. Ringi hazijakaa sawa kwa kukosa kazi, ndiyo maana oili inapenya na kuungua. Ipakieni ikavute mlima. Ikipona imepona."

Watu wote wakamgeukia Bibi Kristina. Yule bibi akakivua kitenge kutoka kwenye boneti, akajifunga mwenyewe kiunoni. "Nimezalisha wanawake wa hapa," alisema, "na hakuna aliyelala siku thelathini akaletewa uji na wanaume. Atolewe nje huyo."

Ndipo watu walipocheka, na Baba akacheka mwisho.

Lori likapakiwa magunia, Kalisti akakaa kando ya Baba, likaenda hadi milima ya upande wa Sitalike na kurudi, siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza moshi ulifunika barabara nzima. Siku ya pili tuliweza kuona namba ya gari. Siku ya tatu tulikimbia nyuma yake kama kawaida na kilichotuingia puani kilikuwa vumbi tu. Mazao yalifika stesheni, na mvua za kwanza zikalinyeshea lori likirudi tupu. Baba aliendesha miaka mingine kumi na mmoja. Injini ile haikuacha kabisa kunywa oili, na kila alipoiongezea alijisemesha peke yake kitu ambacho sikukisikia.

Siku hizi naishi Misunkumilo. Mwanangu Deo ana pikapu ya kubebea mchele, na mwaka huu alifungiwa injini iliyofumuliwa kama ile ya kwetu. Fundi akamwambia aende taratibu kwa kilomita elfu moja. Deo akanitumia picha ya video, wimbo unapiga, mshale wa mwendo umesimama kwenye mia na ishirini. Wiki ya pili injini ikashika, ikagoma katikati ya njia. Akanipigia.

"Mama, fundi kaniua."

"Na wewe ulikimbia?"

"Mi nilikuwa nawahi mzigo. Fundi ndo kafunga ovyo. Na oili za siku hizi feki. Halafu kuna jirani hapa ananionea wivu."

Sisi tulikaribia kuiua injini kwa mapenzi, wao wanaziua kwa wimbo na haraka, na sijui ni ujinga upi mzuri zaidi. Ninachojua ni kwamba fundi wa Deo ni kijana mwenye watoto wawili, na tangu Deo aanze kumsema mitaani wateja wanapita mbele ya gereji yake wakienda kwingine. Nilimsimulia Deo habari ya babu yake na karatasi. Alisema ni hadithi nzuri, akakata simu.

Baba alichukua siku thelathini na moja kusimama na kusema kosa ni lake. Mwanangu nimempa arobaini. Leo ni ya thelathini na nane, na simu nimeiweka mezani, karibu na bakuli la uji.