Mke wa kijana wangu anataka nimrushie mkono wa kushoto

Admin, nifiche vizuri, hapa Kimumu hata mbuzi wa jirani wananijua kwa jina. Mimi ni mzee wa miaka sitini na nane. Shule niliacha darasa la tano, mimi na mwalimu tulichokana. Nina magoti mabovu na mkanda mweupe wa karate. Chekeni, halafu mrudi hapa.

Karate yetu iko kwa ukumbi wa kanisa, ni ya mtu yeyote. Tunainama kama Wajapani, tunarusha mateke, halafu tunavaa glavu tunapigana ngumi kama Wazungu. Nilienda kuwachekelea, nikabaki.

Juzi juzi akaingia mke wa kijana wangu. Sisi tulitoka upande wa ziwa, na kwetu baba mkwe na mke wa mwana hawagusani, hata salamu ya mkono hakuna. Kwa hivyo yeye akachukua kona ya mlango, mimi ya dirisha, tukajifanya hatujaonana. Mume wake anajua ako kwaya. Huyo hununua viazi Burnt Forest, anarudi nyumbani Ijumaa.

Jana mwalimu wa karate akatupanga pamoja. Nikakataa, nikamwambia huyu ni mke wa mwanangu. Akasema, "Mzee, si wewe utamgusa, ni ngozi ya ng'ombe ya hizi glavu." Watu wakacheka, hata mimi. Nikainua mkono wa kushoto, ndio ninaotumia, polepole tu kama mtu anafukuza nzi. Kabla haujafika popote, msichana alikuwa chini sakafuni, amefunika shavu la kulia, macho ameyafumba. Wenzangu wakazidi kucheka. Mimi nikashusha mkono, kwa maana kwa boma yangu wenye kutumia kushoto ni wawili: mimi na kijana wangu.

Nje alisimama mbali nami, vile adabu inataka, akiangalia viatu. "Baba, hapa wote wanapiga na mkono wa kulia. Ni wewe tu unapiga kama yeye. Nifundishe kuuzuia huo mkono."

Nikasema nitaongea na huyo kijana, mimi ndiye nilimzaa.

"Ukishaongea utaenda kulala kwako," akasema. "Mimi nitabaki naye."

Nikamwambia basi achukue watoto aje kwetu. Akasema huko ndiko mume wake atamtafuta kwanza.

Kesho ndiyo mazoezi ya mwisho kabla kijana hajarudi. Nikisimama mbele ya huyu msichana, wazee wa kwetu watanitenga, na mama watoto atanihamishia jikoni na blanketi langu. Nisiposimama, Ijumaa hiyo mkono unakuja, na yeye hajui atauweka wapi wake. Mimi hutania hata kwa matanga, lakini hii sijaipatia utani.

Mistari ya Biblia msinitumie, ninayo nyumba nzima. Glavu ziko hapa mezani. Ya kulia haina neno. Nishaurini wanangu, hii ya kushoto niivae?