Ndugu Aliyevaa Jezi ya Uganda

Mzee Mutembei wa Izimbya alijaliwa wana wawili wa kiume, na wote wawili walipenda mpira kuliko chakula. Mkubwa aliitwa Mujuni, mdogo Ildefons. Mpira wao waliutengeneza wenyewe kwa majani makavu ya migomba, wakaukaza kwa kamba, kisha wakaenda kuuchezea nje ya kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, kule kwenye nyasi fupi ambako ng'ombe walichungwa. Mujuni alikuwa anapiga kwa mguu wa kushoto. Kazi ya Ildefons ilikuwa kumzuia, na mara nyingi alishindwa.

Baba yao hakuupenda mchezo huo. Alikuwa mtu wa misa na kahawa, na Mujuni, kwa kuwa ndiye mkubwa, ndiye aliyetarajiwa kurithi kibanja. Mwaka mmoja, wakati wa mavuno, mzee na mkewe Kokuberwa walikwenda kuhani msiba kijiji cha pili. Ildefons alikuwa misheni, shule ya bweni. Mujuni akaachiwa kahawa iliyoanikwa uani kwenye mikeka, akaambiwa aiangalie. Lakini siku hiyo mjini Bukoba kulikuwa na mechi, na vijana wenzake walikuja kumwita. Jua lilikuwa kali, mbingu nyeupe. Akaenda.

Mvua ya Bukoba haibishi hodi. Wazazi waliporudi jioni waliikuta kahawa imesombwa na maji hadi kwenye mitaro ya migomba, na Mujuni anaingia uani na viatu mkononi. Mzee hakumpiga. Alimwambia tu, mbele ya mama yake, kwamba tangu siku hiyo yeye ana mtoto mmoja wa kiume, na kwamba asilikanyage tena shamba lake. Mujuni alikuwa na miaka kumi na saba na kiburi cha baba yake. Kesho yake alipanda lori la kwenda Kyaka, akavuka mpaka wa Uganda, na habari zake zikakatika.

Ildefons aliporudi likizo alikuta jina la kaka yake halitajwi nyumbani. Mama alilitaja kwa siri tu, kila alipopita mtu aliyetoka Uganda, na kila aliyepita alitikisa kichwa. Ajabu ni kwamba mzee hakumkataza Ildefons kucheza. Alichomnyima wa kwanza alimwachia wa pili, bila kusema neno.

Basi mwaka uliofuata wakubwa wa michezo wakaamua kuunda timu ya vijana ya Tanganyika nzima, ipambane na vijana wa Uganda kule Kampala. Kutoka Bukoba walichaguliwa wawili: Ildefons, beki wa kulia, na Uledi, kipa, mtoto wa mjini, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani akaoa Mhaya na kubaki. Mzee Mutembei alipopewa habari alisema, "Nenda," akarudi kwenye migomba yake.

Vijana walikusanyikia Mwanza, wakalazwa katika bweni la shule. Palikuwa na Wasambaa, Wagogo, Wachaga, Wanyamwezi, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Kile cha Ildefons, cha darasani, kiliwachekesha sana vijana wa Tanga, lakini baada ya mazoezi ya siku chache hakuna aliyekumbuka nani katoka wapi. Walikula sahani moja, wakafuliana jezi. Kwa mara ya kwanza Ildefons alisikia yeye na watu asiowajua wakiitwa kwa jina moja, Watanganyika, na lilimpendeza. Walipopanda meli kwenda Port Bell, bandari ya Kampala, waliimba mpaka sauti zikawakauka.

Kampala, siku ya kuamkia mechi, timu mbili zilipangwa mistari ili zisalimiane. Vijana walipita wakipeana mikono mmoja baada ya mwingine. Ildefons alikuwa ameshika mkono wa saba au wa nane alipoinua macho, akamwona Mujuni.

Alikuwa amekua, mabega yamepanuka, nywele amezinyoa kwa mtindo wa Kampala. Lakini alikuwa Mujuni. Mujuni naye alimtazama, akamsalimu kwa Kiganda kama alivyowasalimu wengine, akauachia mkono wake, akasogea. Kiongozi wa Uganda alipotaja majina ya wachezaji wake, huyo alimwita Kagwa.

Uledi alimvuta Ildefons kando. Aliwahi kucheza na Mujuni katika uwanja wa mjini Bukoba, na sura ile asingeisahau.

"Yule si kaka yako?"

"Nyamaza, Uledi. Nakusihi."

Sharti la mashindano lilikuwa wazi: kila kijana awe mzaliwa wa nchi anayoichezea. Ikijulikana kwamba Kagwa ni Mhaya wa Izimbya, atafukuzwa, na kama amepata kazi mjini kwa sababu ya mpira, huenda nayo ikapotea. Uledi alisonya, lakini akakubali kunyamaza.

Usiku ule Ildefons hakupata usingizi mzuri. Alifurahi kwamba kaka yake yu hai, akaumia kwamba amempita kama mgeni, halafu akajilaumu kwa kuumia, maana angefanya nini tena yule, mbele ya watu wote?

Mechi ilipoanza ikawa Mujuni ni winga wa kushoto, na wa kumkaba ni Ildefons. Chenga yake ilikuwa ile ile ya Izimbya, ya kujifanya anaingia ndani kisha kutokea nje. Kipindi cha kwanza Ildefons alimweza, na Tanganyika ikatangulia kwa bao moja. Kipindi cha pili Uganda walisawazisha kwa kona. Zikiwa zimebaki dakika chache, Mujuni akapokea mpira, akajifanya anaingia ndani. Ildefons aliijua chenga ile tangu utotoni, na bado akapitwa. Uledi aliruka bila kufika. Mbili kwa moja.

Katika watu waliojazana pembeni mlikuwa na Wahaya wengi waliokwenda Uganda kutafuta kazi. Mmoja wao alipaza sauti kwa furaha, akamwita mfungaji kwa jina la kwao: Mujuni. Kijana wa Tanga aliyekaa na wachezaji wa akiba alisikia, akamwuliza, na yule bwana, kwa kujivuna tu, akaeleza kwamba huyo ni mtoto wa Izimbya, na kwao anapajua. Neno likafika kwa Mwalimu Josia, msaidizi wa kiongozi wa timu, na kutoka kwake likafika kwa Mzungu aliyekuwa kiongozi.

Refa alipopuliza filimbi ya mwisho, viongozi wa pande zote mbili walikusanyika nyuma ya jukwaa. Yule mtu wa kelele alikuwa ameshaona mambo yanaharibika, akatoweka. Mujuni aliitwa, akasimama pale na jezi imemganda mwilini kwa jasho. Akaitwa Ildefons, kwa kuwa ndiye wa Izimbya.

Mwalimu Josia alimwuliza kwa Kiswahili, polepole. "Ildefons, unamfahamu kijana huyu?"

Hata mwalimu hajafunga kinywa, Ildefons alijibu, "Simfahamu."

"Mtazame vizuri. Inasemekana ni wa kijijini kwenu."

"Nimemtazama, mwalimu. Si wa kwetu."

Uledi naye aliulizwa. Alimtazama Ildefons, kisha akasema kwamba hata yeye hamjui. Kesi ikaishia hapo. Mujuni alimtazama mdogo wake mara moja tu, akainama akachukua viatu vyake, akaenda zake. Jioni timu mbili zilipokula pamoja, nafasi yake ilikuwa tupu.

Safari ya kurudi ilikuwa nzito. Vijana waliokuwa wakiimba sasa walikaa kimya kwenye sitaha, na nahodha, kijana wa Moshi mwenye maneno machache, alilia waziwazi bila kujificha. Ildefons alimwona akajua kwamba neno lake moja lingeweza kumfuta machozi, kwa kuwa Uganda wangenyang'anywa ushindi. Uledi alikuja akakaa karibu yake, akamwambia bila ukali, "Nimekudanganyia, na sijuti. Lakini wale nao ni ndugu zetu sasa, na wao hatukuwaambia ukweli." Meli ilipofunga Bukoba walishuka wawili hao, wakaagana gatini, na Uledi hakumtembelea tena.

Nyumbani mama alikuwa jikoni akimenya ndizi. Ildefons alingoja mzee atoke, kisha akamweleza yote. Kokuberwa aliweka kisu chini. Aliuliza kama Mujuni amenenepa au amekonda, kama ana makovu, kama amevaa vizuri. Kisha akauliza walipomhoji alijibu nini.

"Nilisema simfahamu, mawe," alijibu, akimwita mama kwa Kihaya. "Ili wasimfukuze."

"Alikusikia?"

"Alikuwa amesimama pale pale."

Mama akachukua kisu akaendelea kumenya, na hakumwambia kwamba alifanya vizuri wala vibaya.

Haukupita muda Kokuberwa akamwambia mumewe kwamba anakwenda Masaka kumwona shangazi yake. Alikuwa hajawahi kuvuka mto Kagera. Mzee hakuuliza shangazi gani. Asubuhi ya safari alikata mwenyewe mkungu mzuri kuliko yote, akauweka juu ya mzigo wa mkewe, akaondoka kabla hajaulizwa.

Mama alikaa huko wiki mbili. Aliporudi uso wake ulikuwa umetulia. Kwa kuwaulizia Wahaya wa Kampala alikuwa amempata mwanawe, amelala kwake, amempikia. Kurudi nyumbani, Mujuni alisema, atarudi siku moja, si sasa. Ildefons alimsubiri mama aseme lingine, na alipoona hasemi, akauliza mwenyewe kama kaka yake alimtuma salamu.

"Anajua kwamba ulimwokoa," mama alisema. "Ila anasema ulijibu upesi mno. Anasema hata hukufikiri."

Maneno hayo yaliingia mahali ambapo Ildefons mwenyewe alikuwa anaogopa kupagusa. Kwa sababu alipojiuliza kwa haki, hakuwa na hakika. Ni kweli alimwogopea Mujuni. Lakini pale nyuma ya jukwaa aliona pia macho ya Mzungu na ya Mwalimu Josia, akaona aibu ya kuwa ndugu wa mdanganyifu, akaiona nafasi yake katika timu ikiyeyuka. Kipi kiliutuma ulimi wake? Kwa miaka alilitafuta jibu. Mwaka uliofuata walipomwita tena kwenye timu ya vijana alisema goti linamuuma. Akasomea ualimu, akafundisha shule ya msingi karibu na kwao, na wanafunzi wake walishangaa kwamba mwalimu anayejua mpira kiasi kile hakubali kucheza.

Mujuni alikuja hatimaye, Waingereza wakiwa wanakaribia kuondoka. Alikuja na mke Mganda na mtoto mchanga. Mzee Mutembei, ambaye sasa alitembelea fimbo, alitoka hadi njiani kuwapokea. Alimchukua mtoto, akampakata, akaagiza rubisi, pombe ya ndizi, na baba na mwana wakanywa kwa kibuyu kimoja kama watu ambao hawajawahi kukosana. Habari ya kahawa haikutajwa. Jioni ile mzee alicheka, jambo ambalo mkewe hakuwa ameliona kwa muda mrefu.

Mujuni alimtendea vizuri Ildefons pia. Alimletea shati, akamwuliza habari za shule, akamsifu kwa jinsi alivyokitunza kibanja. Kila kitu alichosema kilikuwa cha adabu, kama mtu anavyozungumza na shemeji. Aliyemfukuza alikuwa amesamehewa kwa kibuyu cha rubisi. Aliyemficha alikuwa bado anangoja mlangoni.

Siku ya kuondoka, Ildefons aliwasindikiza hadi barabarani, amebeba mzigo wao. Mke na mtoto wakapanda basi kwanza. Alijua kwamba asiposema pale hatasema tena.

"Kaka, siku ile Kampala…"

Mujuni alipokea mzigo, akaupandisha ndani. "Siku ile tuliwafunga mbili," alisema, akampa mkono, akapanda.

Basi liliondoka kuelekea Kyaka. Ildefons alisimama hadi vumbi likatua kwenye migomba ya kando ya njia, kisha akageuka kurudi, kwa kuwa kengele ya shule ilikuwa inakaribia kugongwa na darasa lake lilikuwa halina mwalimu.